Lebo Huandikwa Kabla ya Kumimina Dawa, Si Baadaye

Msimu huu niliitwa kwenye shamba la mahindi la ekari moja na nusu lililogeuka manjano siku sita baada ya kupuliziwa, na nilipofika mwenye shamba alikuwa ameshailaumu mbegu. Mbegu haikuwa na kosa. Mkulima huyo alikuwa amepimiwa dukani dawa mbili za magugu katika chupa za maji za nusu lita: 2,4-D, ambayo huua magugu ya majani mapana na kuyaacha mahindi, na glaifoseti, ambayo haichagui. Chupa zisizo na maandishi zilikaa wiki mbili uvunguni mwa kitanda, hata yeye mwenyewe akasahau ipi ni ipi, akanusa moja, akakisia.

Habari za glavu na barakoa mmezisikia vya kutosha. Kinachotutia hasara ni hii dawa ya kupimiwa. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA) husajili kiuatilifu pamoja na lebo yake, kwa hiyo unapokubali kumiminiwa kwenye chupa ya soda unalipia dawa na kuyaacha maelekezo yake dukani. Kama shamba lako ni dogo, nunua kifungashio kidogo chenye lakiri ya kiwandani, hata kama bei yake kwa mililita iko juu kidogo.

Ikilazimu kuhamisha dawa, kwa mfano dumu linapovuja, tumia chombo kipya ambacho hakijawahi kuwekwa chakula, kinywaji wala dawa nyingine. Andika lebo chombo kikiwa kikavu na kitupu, kwa sababu baada ya kumimina mikono huwa na mafuta, karatasi haishiki, na ile ahadi ya kuandika jioni haitimizwi. Tumia kalamu ya wino usiofutika, herufi zisipungue urefu wa sentimita 1, kisha funika karatasi yote kwa selotepu angavu. Lebo ibandikwe kwenye mwili wa chombo. Nimechoka kuona majina yameandikwa kwenye vizibo, ilhali vizibo hubadilishana kila siku!

Nakili jina la dawa, kiambato amilifu (kemikali yenyewe inayofanya kazi) pamoja na kiasi chake (kwa mfano glaifoseti gramu 480 kwa lita), zao inalotumika, kipimo, siku za kungoja kabla ya kuvuna, tarehe ya kwisha muda na tarehe uliyohamisha. Neno SUMU liandikwe kubwa kuliko yote, pamoja na rangi ya mkanda ulio chini ya lebo ya asili, maana mwekundu unaonya juu ya sumu kali kuliko wa kijani. Kipimo kiandikwe kwa mililita, kamwe si kwa vizibo, kwa kuwa kizibo cha chupa ya maji na cha chupa ya dawa havilingani. Lebo ikisema mililita 20 kwa lita 20 za maji, bomba la lita 16 linahitaji mililita 16. Chombo cha lita 1 kisizidi mililita 900, ili dawa ipate nafasi ya kutanuka wakati wa joto.

Waliowahi kufanya kazi kwenye mashamba makubwa hunijibu kwamba anayemimina na kutumia mwenyewe katika zamu hiyohiyo halazimiki kuweka lebo. Shambani kwetu zamu haina kengele. Mvua ikinyesha saa nne, chupa hurudi nyumbani na mtoto mwenye kiu huikuta mezani.

Hapo ndipo lebo inapomhusu daktari. Aliyekunywa dawa ya wadudu ya kundi la oganofosfeti hutibiwa kwa atropini, lakini atropini si tiba ya parakwati, dawa ya magugu ambayo haina dawa ya kuiondolea sumu yake. Nendeni hospitali na chombo chenyewe, au picha ya lebo ya asili mliyoipiga kwa simu siku ya kununua.

Lebo imetosha ikiwa mtu ambaye hakuwapo siku ya kumimina anaweza kuisoma na kukutajia dawa na kipimo.

Chupa zisizojulikana ambazo tayari mnazo msizinuse, msizionje, wala msizijaribu kwenye pembe ya shamba. Ziandikeni SUMU ISIYOJULIKANA, mzifungie mbali na chakula na watoto, kisha mniite kabla ya msimu wa kupulizia kuanza.