Jinsi ya Kupiga Picha za Mila na Sanaa Takatifu kwa Njia ya Ken Domon

Mpiga picha anayetaka kuifanya mila kuwa kazi yake ya miaka mingi hana budi kuchagua mahali kabla ya kuchagua kamera. Ninasema hivi kwa sababu vijana wengi wanaonijia hapa Kampala huanza na swali la lenzi, ilhali mtu ambaye kazi yake imenifundisha kuliko kozi yoyote, mpiga picha Ken Domon wa Japani, alifika katika hekalu moja la mlimani mwaka 1939 na bado alikuwa akilirudia mwaka 1978, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, akingoja theluji ianguke. Mwongozo huu unafuata njia yake, lakini unaipitisha katika vibanda vya lubugo (kitambaa cha gamba la mti), makaburi ya wafalme na mapango yetu wenyewe.

Ni vyema kuijua kazi ya Domon kwa ufupi, kwa kuwa mpangilio wake ni somo. Alizaliwa mwaka 1909 katika mji wa Sakata, mkoani Yamagata, akaingia studio ya picha kama mwanagenzi mwaka 1933, na mwaka 1935 akajiunga na Nippon Kobo, ofisi iliyotengeneza picha na majarida ya kuitambulisha Japani kwa mataifa ya nje. Hekalu nililolitaja ni Muroji, katika milima ya mkoa wa Nara, na miaka ya vita aliitumia kwa sehemu kubwa kupiga picha za bunraku, maigizo ya wanasesere. Baada ya vita alitoa kitabu juu ya manusura wa Hiroshima mwaka 1958, na mwaka 1960 kitabu juu ya watoto wa wachimba makaa wa Chikuho, kilichouzwa kwa yen 100 tu ili hata mtu wa kipato kidogo akinunue. Kati ya vitabu hivyo viwili, mwishoni mwa mwaka 1959, alipatwa na kiharusi kilichodhoofisha upande wake wa kulia. Kamera ndogo ya mkononi, ile ya kukimbizana na watu mitaani, ikawa haimfai tena. Akageukia kamera kubwa ya kusimamishwa juu ya miguu mitatu, akiwa na wasaidizi, na akarudi kwenye sanamu za Budha ambazo hazikimbii. Juzuu tano za hija yake ya mahekalu ya kale zilitoka kati ya mwaka 1963 na 1975, na kiharusi cha pili cha mwaka 1968, kilichomketisha kwenye kiti cha magurudumu, hakikuzikatisha.

Basi, hatua ya kwanza ni kuchagua mahali pamoja ambapo utaweza kurudi mara nyingi bila kukopa nauli. Anayeishi Kampala anayo makaburi ya Kasubi, walikozikwa wafalme wa Buganda, yanayofikika kwa taksi au bodaboda. Anayeishi upande wa Kumi anayo michoro ya Nyero, yale maduara mekundu yaliyochorwa ndani kwa ndani juu ya mwamba. Anayeishi upande wa Masaka anao mafundi wa lubugo. Hata anayependa sanaa ya Kibudha yenyewe hana haja ya kukata tiketi ya ndege, kwa kuwa Garuga, karibu na Entebbe, kuna Kituo cha Wabudha kilichoanzishwa mwaka 2005 na mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita. Ubudha wake ni wa Theravada, tawi tofauti na la Japani, kwa hiyo asitarajie kuona sanamu za aina ya Nara, lakini somo la kuketi mbele ya uso uliotulia ni lile lile. Ushauri wangu ni kuchagua mahali palipo karibu badala ya mahali maarufu. Safari moja ya mbali huzaa picha za mgeni.

Baada ya kuchagua, omba ruhusa, na uiombe kwa watu wawili tofauti. Kwa maeneo yaliyo chini ya serikali, barua huenda kwenye idara ya makumbusho na malikale. Lakini barua yenye mhuri haikupi ruhusa ya mlinzi wa mahali penyewe. Kasubi, kwa mfano, ina walinzi wake wa kimila, akiwamo Nalinya (binti wa kifalme), na kila kazi ina ukoo wake: kuezeka nyasi ni kazi ya ukoo wa Ngeye, na lubugo la ufalme ni la ukoo wa Ngonge. Mwendee mzee anayehusika, vua viatu, keti mkekani, msalimie kwa heshima ya hapo, na ueleze picha zitakwenda wapi na nani atazihifadhi. Kilo ya sukari na mche wa sabuni si rushwa. Ni adabu ya mgeni. Ukikatazwa kupiga kitu fulani, kiandike katika daftari lako kama kitu kilichokatazwa, na usikiulizie tena siku hiyo. Mimi niliwahi kuinua kamera ndani ya kibanda kimoja cha mizimu kabla mzee hajamaliza kujibu salamu yangu, na flashi niliyosahau kuizima ikamlipukia usoni. Hakunifukuza. Alinyamaza tu, na ilinichukua miezi saba ya kwenda na kurudi kabla hajaniambia jina la mkuki uliosimama nyuma yake.

Ziara ya kwanza, au mbili za kwanza, acha kamera ndani ya mfuko. Domon alikuwa maarufu kwa kukikodolea macho kitu muda mrefu kabla ya kufungua shata, na sidhani kwamba yalikuwa mazingaombwe. Mtu anayetazama kwa muda mrefu hugundua mwanga unaingia wapi. Andika saa jua linapofika mlangoni, saa linapogusa sakafu, na saa linapoondoka.

Sasa tufike kwenye mwanga wenyewe, ambapo sitakuwa na haraka. Sanamu nyingi za mahekalu ya Japani zilichongwa kwa ajili ya chumba chenye giza, ambamo mchana huingia kupitia milango ya mbele, hugonga ardhi na sakafu, kisha hupanda na kuugusa uso wa Budha kutoka chini, huku taa ndogo za mafuta zikiongeza dhahabu kidogo kwenye mashavu. Mtu anayewasha taa kali kutoka juu huiharibu kazi ya mchongaji, kwa sababu kope huangusha kivuli juu ya macho na uso uliokusudiwa kuwa na huruma huonekana kama umenuna. Nyumba zetu za jadi hufuata kanuni hiyo hiyo bila kuambiwa na mtu. Nyumba ya msonge yenye mlango mmoja hupata mwanga wake kutoka kwenye uwanja wa mbele, unaoruka juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni. Kwa hiyo, kabla ya kununua taa yoyote, tandaza shuka jeupe au kadibodi nyeupe nje kidogo ya kizingiti, pale jua linapopiga, na utazame jinsi mwanga unavyopanda ndani. Shuka hilo limenisaidia kuliko taa yangu ya bei ghali.

Urefu wa kamera nao huamuliwa na adabu. Mwabudu wa Kijapani hukaa sakafuni na kuinua macho. Mgeni wa nyumba ya kifalme ya Buganda hukaa mkekani. Shusha miguu ya stendi mpaka lenzi iwe sawa na macho ya mtu aliyeketi, nawe utaona vitu vinajipanga kama waliovitengeneza walivyotaka vionekane. Picha iliyopigwa kwa kusimama wima huonyesha kitu kikitazamwa na mtu wa haraka.

Ndani ya giza la namna hiyo usipandishe ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, kwa pupa. Weka ISO 100, tundu la lenzi f/11, na uache shata wazi kwa sekunde 8, 15 au hata 30, kamera ikiwa imara juu ya stendi na ukitumia kipima muda cha sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise. Domon alibana tundu la lenzi mpaka f/64 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo) ili kila mkunjo wa vazi la mbao, wa mbele na wa nyuma, uonekane wazi, na pale giza lilipozidi aliongeza balbu za flashi za enzi hizo, ambazo kila moja iliungua mara moja tu. Kamera zetu za kidijiti hupoteza ukali wa picha zikibanwa kiasi hicho, hivyo f/11 inatosha. Panapobaki kona nyeusi, chukua tochi ndogo, ifunike kwa karatasi nyeupe, na uipitishe taratibu juu ya kona hiyo wakati shata iko wazi, bila kuisimamisha mahali pamoja. Sanamu nyingine za Kijapani, hasa kuanzia zama za Kamakura (karne ya 12 hadi ya 14), zina macho ya kioo cha jiwe yaliyopachikwa kutoka ndani. Kwa hizo, nukta moja ya mwanga iliyowekwa vizuri huufanya uso uamke. Kwetu ushanga, kauri na shaba ya mkuki hufanya kazi hiyo hiyo. Nyero ni habari nyingine: mwamba upo wazi, rangi yake imefifia, na asiwepo mtu wa kumwagia maji michoro ili ing'ae. Nenda jua likiwa limejificha nyuma ya wingu, nawe utaona wekundu ukijitokeza wenyewe.

Ukishapata picha ya kitu kizima, sogea. Domon alipiga mikono, midomo na nyayo za sanamu kana kwamba kila kiungo kina habari yake, na ndipo mtazamaji anapoona alama ya patasi na ufa wa mbao. Fanya hivyo na lubugo. Gamba la ndani la mti wa mutuba huvunwa msimu wa mvua, shina hufungwa kwa majani ya mgomba ili lipone, kisha fundi hulitwanga gamba kwa nyundo za mbao zenye mifereji, akianza na mifereji mipana na kumalizia na myembamba, chini ya kibanda kilicho wazi ubavuni ili lisikauke upesi. Picha ya fundi akitabasamu na nyundo mkononi kila mtu anayo. Piga uso wa nyundo tatu zilizolazwa pamoja ili mifereji yake ilinganishwe. Kisha piga lubugo lenyewe mwanga ukilipitia kutoka ubavuni, karibu sambamba na kitambaa, nawe utaona kila pigo limeacha mstari wake, na mahali gamba lilipopasuka utaona mshono wa fundi. Rangi yake ya udongo hunywa mwanga, kwa hiyo weka karatasi ya kijivu pembeni katika picha moja ya kila kipindi, ili rangi isahihishwe baadaye kwa ukweli na si kwa kukisia.

Kazi isiyo na maelezo ni nusu ya kazi, na hapa ninakuwa mkali. Januari 26, 1949, ukumbi mkuu wa hekalu la Horyuji, mkoani Nara, uliungua na michoro yake ya ukutani ya zaidi ya miaka elfu moja ikaharibika vibaya. Lakini mwaka 1935 kuta hizo zilikuwa zimepigwa picha kwa ukubwa wake halisi kwenye mamia ya vioo vya picha, sehemu baada ya sehemu, na wachoraji waliotengeneza nakala mpya mwaka 1967 na 1968 walitegemea picha hizo. Sisi tunajua habari ya namna hiyo bila kusimuliwa: Machi 16, 2010, Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kuu ya Kasubi wanamolala Kabaka wanne, iliteketea kwa moto usiku mmoja. Picha zilizowafaa wajenzi baada ya hapo ni zile zilizoonyesha paa linavyoshikana na nguzo, na zile pete 52 za dari, moja kwa kila ukoo. Picha za watalii waliopozi mlangoni hazikuwa na la kusema. Kwa hiyo, kwa kila kitu piga mbele, nyuma, ubavu, kiungo na chini yake, ukiweka rula ndani ya picha moja, na siku hiyo hiyo uandike tarehe, mahali, jina la kitu kwa lugha ya wenyewe, kimetengenezwa kwa nini, nani anakitunza, nani aliruhusu, na nani alikueleza.

Hifadhi faili ghafi (zile za kamera ambazo hazijahaririwa) katika sehemu tatu, moja ikiwa nje ya nyumba yako. Nilipeleka diski yangu ya pekee kwa fundi mmoja wa kompyuta mjini, akaifuta yote ili "iende kasi", na miaka miwili ya ngoma za Busoga ikaondoka hivyo.

Kuhusu riziki sina mengi. Domon aliishi kwa magazeti na vitabu, na picha za mahekalu zilikua pembeni ya kazi nyingine; nawe piga harusi na mahafali bila aibu, ukitenga siku mbili za mwezi kwa ajili ya mahali pako. Ukiwa na picha 40 ambazo mlinzi wa mahali amezikubali, ndipo uzipeleke kwenye makumbusho, chuo au balozi zinazofadhili utamaduni.

Lakini kabla ya hapo, chapisha nakala za karatasi, si za simu, na uzirudishe kwa wenye mali. Andika nyuma ya kila moja kwa kalamu isiyofutika. Yule mzee wa flashi nilimpelekea nakala 12 ndani ya bahasha. Hakuanza na picha. Aligeuza moja baada ya nyingine upande wa nyuma, akasoma majina kwa sauti, akafika kwenye la mkuki, akaniomba kalamu na kurekebisha herufi moja.