Somo: Pilau, mahamri na mifupa ya sikukuu visiwadhuru mbwa na paka

Wengi tunajua kwamba chokoleti ni sumu kwa mbwa. Ni kweli, na nitaigusa. Lakini nyumbani kwetu siku ya Idi au Krismasi chokoleti huwa chache. Kilichojaa ni pilau, mifupa, na beseni la unga wa mahamri lililofunikwa kitambaa usiku kucha. Kwa hiyo tuanzie jikoni.

Hatua ya 1: Usiku wa kuamkia sikukuu, funga unga wenye hamira

Mbwa akilifikia beseni hulimeza donge bila kutafuna. Tumboni mna joto, hamira inaendelea na kazi yake: unga unaumuka, tumbo linavimba, na ule uchachu unatoa pombe inayoingia kwenye damu. Utamwona anayumba kama mlevi, anajaribu kutapika na hakitoki kitu. Hapo hakuna dawa ya nyumbani, ni kumkimbiza kwa daktari wa mifugo. Beseni likae kwenye chumba kinachofungwa mlango, basi.

Hatua ya 2: Tenga chakula chao kabla ya kukaanga kitunguu

Hii ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote. Pilau, biriani, rosti, mchuzi wa nazi, vyote vinaanza na kitunguu maji na kitunguu saumu. Vitunguu hivi vinaharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na paka, na kuvipika, kuvikausha au kuvisaga hakuondoi sumu. Paka ndiye dhaifu zaidi: gramu 5 kwa kila kilo ya uzito wake zinaweza kumdhuru. Paka wa kilo 3 ni gramu 15 tu, haifiki robo ya kitunguu cha wastani. Kwenye masala ya biriani vitunguu vimeshavurugika, hata huvioni.

Na ubaya wake, dalili hazitokei siku ile. Zinakuja baada ya siku kadhaa: mnyama amechoka, fizi zimepauka, mkojo umekuwa mwekundu au wa kahawia. Wakati huo sikukuu imeshasahaulika, na hakuna anayekumbuka sahani aliyorambishwa.

Basi fanya hivi. Nyama ikishakatwa, kabla hujaitia chochote, toa vipande vichache visivyo na mafuta wala mfupa. Vichemshe kwa maji matupu, bila chumvi, vipoe, uviweke kwenye kibakuli. Mgeni akitaka kumpa mnyama kitu, ampe cha humo.

Hatua ya 3: Mifupa

Mfupa uliopikwa, hasa wa kuku, ukitafunwa hupasuka vipande vyenye ncha kali. Hukwama kooni au hutoboa utumbo. Waambie watoto wakusanye mifupa yote kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, na isilale jikoni. Mafuta ya nyama nayo yasitupwe kwa mbwa: mlo mmoja wa mafuta mengi unaweza kumletea uvimbe wa kongosho.

Hatua ya 4: Idi ya kuchinja

Usimtupie mbwa mapafu wala maini mabichi, hasa ukiona vifuko vya maji ndani yake. Humo mna vichwa vya minyoo tegu. Mbwa akila, minyoo inakomaa tumboni mwake na mayai yanatoka na kinyesi. Mtoto akimchezea kisha akala bila kunawa, naye anaweza kuota vifuko hivyo kwenye ini au pafu. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ugonjwa huu unajulikana kwa miaka mingi. Vichome, au vifukie chini sana mbwa asivifukue.

Hatua ya 5: Meza ya wageni

Haya ni machache, yainuliwe tu juu: chokoleti na zaidi unga wa kakao; zabibu mbichi na kavu, pamoja na zile za kwenye keki; pombe; makadamia, mnazo wengi huko Murang'a na Embu, ambazo humlegeza mbwa miguu ya nyuma. Chingamu na pipi zisizo na sukari, soma karatasi: ikiandikwa zailitoli au E967 (kitu cha kutia utamu badala ya sukari), sukari ya damu ya mbwa inaweza kuporomoka ndani ya saa moja.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo daktari. Mbwa wangu ana kilo 20, mtoto amempa konzi moja ya pilau. Nifanyeje? (Tanga)*

Marahaba. Kwa uzito huo konzi moja haitamdhuru kwa kitunguu. Mtazame fizi na mkojo kwa wiki moja, na usirudie. Angekuwa paka ningekwambia umlete leo.

*Bibi anasema mnyama akila sumu anyweshwe maziwa au maji ya chumvi. (Morogoro)*

Bibi ana nia njema, lakini maziwa hayaondoi sumu hizi, na maji ya chumvi yenyewe yanaweza kumuua. Usimtapishe kabla hujazungumza na daktari. Chukua ganda la alichokula, saa aliyokula na uzito wake, kisha piga simu.

*Paka wangu hali nyama, ni samaki tu. Nimpe ng'onda? (Mombasa)*

La, dada, ng'onda ana chumvi nyingi mno. Mchemshie samaki mbichi, mtoe miba yote.

*Ukwaju nao? Sisi juisi yake haikosekani. (Unguja)*

Ndiyo, kwa mbwa. Tangu 2021 madaktari wa sumu za wanyama Marekani wanaishuku asidi ya tartariki kuwa ndiyo inayoharibu figo za mbwa wanaokula zabibu, na ukwaju unayo kwa wingi. Kuna mbwa waliougua figo kwa kula ukwaju wenyewe. Makapi ya kukamulia yasiachwe uani.

*Siku ya sikukuu daktari tutampata wapi? (Dodoma)*

Mpigie wiki hii, si siku ile. Muulize kama atakuwepo, na kama anasafiri nani anamshikia zamu. Namba zote mbili zibandikwe kwenye mlango wa friji, na dada wa kazi azione.