Kuwajulisha wanufaika wa wosia unapofungua mirathi

Mahakama ya Mwanzo ikishapokea maombi ya mirathi hutoa tangazo, ili mwenye pingamizi ajitokeze kabla ya siku ya kusikilizwa. Nimewahi kuliona tangazo la namna hiyo Ujiji, limebandikwa ukutani, mvua imelilowanisha hata jina la marehemu likawa halisomeki, na wakati huo mwanawe mmoja yuko Kalemie, Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, amefuata vitenge. Kwa hiyo wewe uliyetajwa katika wosia kuwa msimamizi, mjulishe kila mhusika mwenyewe, kwa jina lake.

Anza kwa kuandika majina yote: waliotajwa katika wosia, kisha warithi ambao wosia haukuwataja, maana hao ndio wenye sababu kubwa zaidi ya kupinga. Kwa familia za Kiislamu jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa wosia hauvuki theluthi ya mali, na aliyekwisha kuwa mrithi hausiwi kitu ila warithi wenzake waridhie. Nao hawawezi kuridhia wasilolijua. Kwa mtoto mdogo, barua apewe mlezi wake.

Barua iwe fupi: jina la marehemu na tarehe ya kifo, kwamba wosia upo na uko kwa nani, jina lako, mahakama unakopeleka maombi, na namba ya shauri pamoja na tarehe ya kusikilizwa mara zitakapopatikana. Ambatanisha nakala ya wosia. Kuuficha huzaa shaka ambayo haiponi upesi.

Weka ushahidi wa kila taarifa. Daftari la kawaida linatosha, lenye jina, tarehe na sahihi, au dole gumba kwa asiyejua kuandika, mbele ya shahidi asiyerithi chochote. Aliye Mpanda au Dar es Salaam atumiwe kwa posta na stakabadhi itunzwe; ujumbe wa simu nao usifutwe. Kikao cha ukoo kina heshima yake, na mahakimu wengi huuliza muhtasari wake, lakini asiyehudhuria hahesabiwi kuwa amejulishwa kwa sababu tu baba yake mdogo alikuwepo.

Usiyempata, usimfute. Mtaje mahakamani na ueleze kwa kiapo ulivyomtafuta, kwa sababu sheria inaruhusu uteuzi kutenguliwa pale ulipopatikana kwa udanganyifu, na mirathi inayotenguliwa baada ya nyumba kuuzwa huwaumiza hata wasio na kosa.

Ukishateuliwa na Mahakama ya Mwanzo, una miezi 4 ya kuwasilisha orodha ya mali na madeni ya marehemu, isipokuwa mahakama ikuongezee muda; hesabu za mirathi hufuata kwa vipindi itakavyopanga mahakama. Watu walewale wa kwenye daftari wapewe nakala zake, na wasaini tena.