Kabla ya kuunda kivumishi ambatani cha Kilatini

Kabla hujaunganisha maneno mawili ya Kilatini kuwa kivumishi kimoja, kama vile vilivyomo katika majina ya kisayansi ya mimea, fungua kamusi na usiishie kwenye umbo la kwanza. Umbo la umilikaji, yaani lenye maana ya "-a kitu fulani", ndilo linaloonyesha shina la neno. Mnazi uliitwa Cocos nucifera na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753. Tunda lenye ganda gumu ni nux, lakini umilikaji wake ni nucis. Basi huchukuliwa nuc-, ikafuata irabu unganishi -i-, kisha -fer, yaani "-enye kuzaa". Anayetegemea nux ataandika nuxifera, na hilo si neno. Sehemu ya pili ikianza na irabu, kiunganishi huondoka: magnus na animus hutoa magnanimus.

Jua pia jinsia ya nomino ambayo kivumishi kitapatana nayo, kwani Kilatini kina ya kiume, ya kike na isiyo ya kiume wala ya kike. Ua maarufu la milima ya Usambara liliitwa Saintpaulia ionantha. Wataalamu walipolihamishia jenasi (kundi la mimea inayokaribiana) ya Streptocarpus, ambayo jina lake ni la kiume, likawa Streptocarpus ionanthus. Ua ni lilelile, mwisho wa jina ndio uliogeuka.

Kazi kubwa iko kwenye sehemu ya mwisho ya neno, na hapo ningemsihi mwanafunzi asiharakishe, maana ndiyo inayoamua miishio yote. Zinazoishia kwa -fer zina maumbo matatu: nucifer, nucifera, nuciferum. Folium hutoa -folius, -folia, -folium. Lakini forma, ingawa ni nomino ya -a, hutoa -formis kwa kiume na kike pamoja, na -forme kwa jinsia ya tatu. Ndiyo maana mti mmoja wa misitu ya miombo ni Brachystegia spiciformis, wala si spiciforma, japo Brachystegia ni ya kike. Caput, kichwa, hubadilika hata irabu zake: huwa -ceps, umbo moja kwa jinsia zote. Msuli wa mkono wenye vichwa viwili ni biceps, na umilikaji wake ni bicipitis.

Mwisho, hakikisha kwamba unachokinyambua ni kivumishi kweli. Mpingo ni Dalbergia melanoxylon. Dalbergia ni ya kike, lakini melanoxylon, "mti mweusi" kwa asili ya Kigiriki, ni nomino iliyowekwa kando ya nomino nyingine. Haipatanishwi na jinsia, iache ilivyo.