Kamera ya kwanza ya familia: pesa nyingi iweke kwenye lenzi

Nyumba yetu hapa Tanga ina sebule yenye dirisha moja, nalo limetazamana na ukuta wa jirani. Saa kumi na mbili jioni taa ikiwashwa ndipo watu wote huwa ndani: watoto wamerudi madrasa, mume wangu katoka kazini, mama yangu kaketi mkekani anamsuka binti yangu wa mwisho. Picha ninazozitaka ziko hapo, saa hiyo, chini ya taa hiyo moja. Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue kamera gani ya kupigia familia, nami namuuliza kwanza: kwenu watu hukutana wapi, saa ngapi, na hapo pana mwanga gani?

Swali hilo linaamua karibu kila kitu. Anayetaka picha za watoto wakicheza uwanjani saa nne asubuhi atazipata vizuri hata kwa DSLR (kamera yenye kioo ndani na lenzi zinazobadilishwa) ya miaka kumi iliyopita. Anayetaka jioni ya sebuleni anahitaji lenzi inayoingiza mwanga mwingi, na ile inayokuja na kamera ndani ya boksi siyo.

Karibu kila DSLR ya kuanzia huuzwa na lenzi ya 18-55mm iliyoandikwa f/3.5-5.6. Milimita zinaeleza jinsi lenzi inavyovuta: zikiwa nyingi, inasogeza kitu karibu na kubana upana. Namba hizo za f zinaeleza upana wa tundu la lenzi, na zinakwenda kinyume: namba ikiwa ndogo, tundu ni pana. Ukiivuta lenzi hiyo hadi 55mm, tundu haliwezi kupanuka kupita f/5.6. Lenzi ya 50mm f/1.8, ambayo haivuti wala hairudishi, huingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Sebuleni kwetu, ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) ikiwa 1600 na tundu likiwa f/1.8, napata spidi ya shata, yaani muda kamera inaoruhusu mwanga kuingia, ya 1/125 ya sekunde, na vidole vya mama vinatoka na kucha zake na mikunjo yake yote. Nikiweka ile ya 18-55mm na kuivuta, mahali palepale, ISO ileile, spidi inashuka hadi kama 1/13. Hapo vidole vinageuka doa moja, na mtoto akigeuza shingo kidogo tu uso wake hautambuliki. Utaambiwa lenzi fulani ina kidhibiti mtikisiko. Kwenye Canon utaona herufi IS, kwenye Nikon VR. Ni kitu kizuri, lakini kinatuliza mkono wako wewe uliyeshika kamera. Mtoto hakimtulizi.

Nilipokwenda kununua yangu nilikuwa na laki nane niliyoichanga kwa miezi. Muuzaji akaniwekea kamera mbili mezani.

"Dada, chukua hii mpya, ina megapikseli ishirini na nne. Hiyo nyingine imeshatumika, tena ni kumi na nane tu."

"Kaka, hii ya kumi na nane nikiichukua, itabaki pesa ya lenzi ya fifti?"

Akapiga hesabu, akasema itabaki. Nikaichukua: Canon EOS 1300D, toleo la mwaka 2016, pamoja na lenzi ya 50mm f/1.8 STM. Sijawahi kuukumbuka ule upungufu wa megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha. Picha ya sentimita 10 kwa 15, ile ya albamu, inatosha kuchapwa vizuri kwa megapikseli kama mbili na robo. Ya ukubwa wa A4 inataka karibu tisa. Kumi na nane ni nyingi kwa nyumba yoyote.

Kwa hiyo ushauri wangu juu ya bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, ni mfupi. Upande wa Canon, 1300D au 2000D ya mwaka 2018 zinatosha kabisa. Usichanganyikiwe na majina: 1300D iliyotoka Marekani imeandikwa Rebel T6, ya Japani imeandikwa Kiss X80, na 2000D ni Rebel T7 au Kiss X90. Ukiona Kiss, iwashe kwanza uhakikishe menyu yake inabadilika kuwa Kiingereza. Ipo pia 4000D, ya bei ya chini kuliko zote, lakini mdomo wake wa kushikia lenzi ni wa plastiki, nami kwa mtu anayebadilisha lenzi mara kwa mara siipendi. Tena 2000D na 4000D hazina ile pini ya katikati pale juu pa kuchomeka flashi, kwa hiyo flashi nyingi za bei nafuu za makampuni mengine hazitawaka. 1300D inayo. Kama una mpango wa kununua flashi baadaye, liweke hilo akilini.

Upande wa Nikon kuna D3300, D3400 na D3500. Betri ya D3500 inastahili sifa: kwa kipimo cha watengenezaji chaji moja hupiga picha 1,550, wakati 2000D hupiga 500. Kwa harusi ya siku mbili kijijini kusiko na umeme wa uhakika, tofauti hiyo utaiona.

Ila Nikon ina mtego mmoja, na ulimnasa kaka yangu. Alinunua D3400, kisha akapata lenzi ya 50mm f/1.8D kwa bei ya kutupa. Ikafika nyumbani, akaifunga, ikaingia vizuri kabisa. Akabonyeza, lenzi haikusogea. Kamera za Nikon za D3000 na D5000 na ndugu zake hazina mota ya fokasi (ya kulenga ili picha iwe kali) ndani ya bodi. Zinategemea mota iliyomo kwenye lenzi. Lenzi za zamani zilizoandikwa AF au AF-D hazina mota hiyo, kwa hiyo utazungusha fokasi kwa mkono, na mtoto wa miaka mitatu hakusubiri. Tafuta iliyoandikwa AF-S. Zilizoandikwa AF-P nazo zina mota, lakini hazielewani na baadhi ya bodi za zamani za Nikon, basi ijaribu juu ya kamera yako mwenyewe kabla hujatoa pesa.

Sasa lenzi zenyewe, maana hapa ndipo watu wengi huniuliza mara ya pili. Sensa ya kamera hizi, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni ndogo kuliko filamu ya zamani, hivyo 50mm juu ya Canon inabana kama vile 80mm ilivyobana enzi za filamu. Ukisimama mita tatu kutoka kwa watu, 50mm inakamata upana wa kama mita moja na theluthi: watu wawili waliokaa bega kwa bega, basi. Kwa uso wa mtu mmoja, kwa mama na mwanawe, ni nzuri mno. Kwa familia nzima iliyoizunguka sinia ya pilau, utajikuta unarudi kinyumenyume hadi ukutani na bado shangazi kakatwa.

Chukua kipimo cha futi upime sebule yako kabla ya kununua. Ukiwa na mita nne au zaidi za kurudi nyuma, 50mm itakufaa. Ikiwa ni tatu au pungufu, mwenye Nikon anunue 35mm f/1.8G ya DX (alama ya Nikon kwa lenzi za sensa ndogo kama hizi), ambayo kwa mita tatu inachukua upana wa mita mbili. Mwenye Canon ana 24mm f/2.8 STM, nyembamba kama kifuniko cha chupa ya uji, inayochukua karibu mita mbili na sentimita themanini. Mwanga wake haufikii f/1.8, ila bado ni mara nne ya f/5.6. Kama ningeanza upya leo katika nyumba hii, ningeanza na hiyo 24mm, kisha 50mm.

Zile ndefu za 55-250mm ni za mechi za shule na mahafali. Ziazime.

Kununua kitu kilichotumika kunahitaji tochi. Lenzi yangu ya kwanza kabisa, kabla ya hii, niliinunua bila kuikagua dukani, nikaipenda kwa sababu ilikuwa inang'aa nje. Picha zilitoka na utandu, kama nimepiga kupitia kioo chenye mvuke. Kumbe ndani mlikuwa na kuvu. Pwani yetu, kuanzia Mombasa hadi Mtwara na visiwani, unyevu wa hewa unaotesha kuvu nguoni ndio huohuo unaoiotesha ndani ya lenzi iliyofungiwa kabatini. Tangu siku hiyo hufanya hivi: naondoa vifuniko vyote viwili, nafungua tundu lote, nawasha tochi ya simu upande wa nyuma, nachungulia kwa mbele huku nikiinamisha lenzi taratibu. Vumbi chembe mbili tatu halina neno. Ukiona nyuzi nyembamba nyeupe zilizotawanyika kama mizizi au utando wa buibui, irudishe mezani, hata wakikupunguzia nusu ya bei.

Bodi nayo ikague. Weka f/16, piga ukuta mweupe au anga bila kufokasi, kisha ikuze picha: madoa meusi ni uchafu juu ya sensa, na unasafishika, lakini omba upunguziwe. Kwa Nikon, idadi ya picha ilizokwisha kupiga huandikwa ndani ya kila faili ya picha, na zipo programu za bure za kuisoma. Shata ya D3500 ilijaribiwa kwa picha 100,000, kwa hiyo yenye elfu ishirini bado mbichi. Hakikisha betri na chaja vipo, na ule mlango mdogo wa betri unafunga sawasawa. Memori kadi usinunue ya barabarani. Za bandia ni nyingi. Ukishanunua, ijaze picha hadi mwisho siku hiyohiyo uone kama zote zinafunguka.

Huenda utaambiwa DSLR zimepitwa, kwamba Canon na Nikon sasa nguvu zao ziko kwenye kamera zisizo na kile kioo cha ndani (mirrorless). Ni kweli, na ndiyo sababu hizi zinapatikana kwa bei tunayoimudu. Lenzi za EF za Canon na za AF-S za Nikon zinafungika pia kwenye hizo mpya kwa kutumia adapta, kwa hiyo pesa uliyoiweka kwenye lenzi haipotei.

Ukifika nayo nyumbani, zungusha kitufe cha juu hadi Av kwenye Canon au A kwenye Nikon, ambapo wewe unachagua tundu na kamera inachagua spidi. Weka f/2 kwa mtu mmoja. Kwa f/1.8 na mtu aliye mita mbili, sehemu iliyo kali ni kama sentimita kumi tu, basi lenga jicho lililo karibu nawe. Watu wakiwa safu mbili, watoe barazani kwenye kivuli, uweke f/5.6.

Na jambo hili nawaomba mlishike, kwa sababu limeharibu picha nyingi za watu wetu: kamera ikiona weupe mwingi, kanzu za Idi au ukuta wa chokaa, hudhani mwanga umezidi, inaipunguzia picha mwanga, na nyuso zetu nyeusi zinazama gizani. Bonyeza kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, sogeza hadi +1. Angalia uso kwenye skrini ya kamera, si kanzu. Uso ukionekana kama unavyoujua, piga.

Yangu hulala kwenye kasha la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya. Kila Ijumaa naitoa, hata kama hakuna shughuli, lenzi ipate hewa na mwanga.

Ile ya vidole vya mama niliichapa sentimita 10 kwa 15. Aliiweka karibu na dirisha, akaitazama muda mrefu, akaniuliza kama naweza kumtolea nyingine ampelekee dada yake Pangani.