Jinsi ya kuomba pensheni bila kupoteza miezi uliyochangia

Fomu ya kuomba pensheni niliijaza kwa dakika 40. Kabla ya kufika hapo nilihangaika miezi 14 nikitafuta michango ya miezi 26 ambayo haikuonekana kwenye rekodi za mfuko wangu. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye rekodi, na mengine nitayapitia haraka. Kama bado una miaka kumi au ishirini kazini, mwongozo huu unakuhusu zaidi kuliko anayestaafu mwezi ujao, kwa sababu wewe mwajiri wako bado yupo na karatasi zako bado zinapatikana.

Anza kwa kuomba taarifa ya michango, ile inayoonyesha mwezi kwa mwezi. Usikubali ya jumla. Miaka yote nilikuwa naangalia salio la mwisho, nikiona limeongezeka naridhika. Salio huongezeka hata kama mwajiri ameruka mwaka mzima, kwa kuwa michango ya nyuma inaendelea kupata faida. Chukua kalamu, pitia kila mwezi uliokuwa kazini, kisha linganisha mshahara ulioandikwa pale na ule uliokuwa kwenye hati yako ya malipo. Wapo waajiri wanaowasilisha mchango kila mwezi bila kukosa, lakini kwa mshahara mdogo kuliko wa kweli. Pengo la namna hiyo halionekani kwa kuhesabu miezi peke yake.

Kwangu miezi 26 iliyopotea ilikuwa na sababu mbili tofauti, na kutolijua hilo mapema ndiko kulikonichelewesha. Miezi 19 ilikuwa imelipwa, ila kwa namba nyingine ya uanachama. Nilipohamia kazi ya pili, ofisi ya utumishi iliniandikisha upya kwa majina mawili wakati mwanzo nilikuwa na matatu, na mfuko ukanihesabu kama mtu mwingine. Miezi 7 iliyobaki mwajiri aliikata kwenye mshahara wangu na hakuiwasilisha kabisa.

Niliandika barua moja nikieleza yote mawili. Ilikaa miezi minne bila jibu. Nilipofuatilia nikaambiwa kuunganisha namba ni kazi ya kitengo cha uanachama, na michango isiyowasilishwa ni kazi ya wakaguzi wa waajiri. Barua yangu ilikuwa imelala kwenye kitengo cha kwanza ikisubiri jambo ambalo hakina mamlaka nalo. Andika maombi mawili, kila moja na viambatisho vyake. Peleka nakala mbili za kila barua, moja igongwe mhuri wa kupokelewa ubaki nayo, na uombe namba ya jalada. Tangu nilipokuwa na namba ya jalada, kila mhudumu niliyemkuta aliweza kuendelea pale mwenzake alipoishia.

Maombi ya kuunganisha namba yanahitaji uthibitisho kwamba majina yote ni yako: kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, barua za ajira zote mbili, na hati ya kiapo iliyoapwa mbele ya mwanasheria anayeruhusiwa. Kiapo kitaje kila umbo la jina linaloonekana kwenye nyaraka zako, herufi kwa herufi. Changu cha kwanza kiliacha umbo moja, nikalazimika kurudia na kulipia upya. Kagua na tarehe ya kuzaliwa hapohapo, maana ndiyo itakayoamua siku yako ya kustaafu.

Madai ya michango isiyowasilishwa ni magumu zaidi, kwa sababu unatakiwa kuthibitisha kwamba ulikatwa. Ushahidi wenye nguvu ni hati za malipo ya mshahara zinazoonyesha kiasi kilichokatwa. Taarifa ya benki huonyesha tu kilichoingia, lakini ukiiweka pamoja na mkataba wa ajira unaotaja mshahara kabla ya makato, inasaidia. Niliokolewa na bahasha ya hati za mshahara aliyoihifadhi mke wangu. Kampuni yenyewe ilikuwa imeuzwa, jina limebadilika, na hakuna aliyebaki mwenye kunikumbuka. Piga picha kila hati ya mshahara unayopewa na uitunze mahali pawili.

Mwajiri akikubali kulipa, usifurahie tu kiasi cha msingi. Uliza kama malipo yanakuja na faida ya muda uliopita. Mchango wa 100 uliopaswa kuwekwa miaka 20 iliyopita, kwa faida ya asilimia 6 kwa mwaka, leo ungekuwa karibu 320. Ukirudishiwa 100 ileile umepoteza zaidi ya theluthi mbili ya haki yako.

Na kama pensheni yako hukokotolewa kwa miaka ya uchangiaji, hesabu iko hivi: mfuko unaotoa asilimia 1.5 ya wastani wa mshahara kwa kila mwaka utakupunguzia asilimia 3.25 ya mshahara huo kwa sababu ya miezi 26 iliyokosekana, kila mwezi, maisha yako yote. Baya zaidi ni kushuka chini ya kizingiti. Mkataba Namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1952, unataja miaka 30 ya uchangiaji au ajira kwa pensheni kamili, na miaka 15 kwa pensheni iliyopunguzwa. Ipo mifuko inayotumia miezi 180 hiyohiyo kama mpaka. Mwenye 180 analipwa kila mwezi. Mwenye 154 huenda akapewa pesa za mara moja na kuagwa.

Rekodi ikishakaa sawa, peleka ombi la pensheni mapema kadiri mfuko unavyoruhusu. Mshahara wa mwisho na pensheni ya kwanza haviunganishwi. Mimi nilikaa miezi mitano katikati, nikila akiba. Weka pembeni matumizi ya angalau miezi sita, mahali unapoweza kuyatoa bila kusubiri.

Kwenye fomu kuna kisanduku kimoja cha kutojaza kwa haraka: kiasi cha mkupuo, yaani pesa za mara moja unazochukua kwa kuachia sehemu ya pensheni ya kila mwezi. Ukishasaini, kwa kawaida hakuna kurudi nyuma. Muulize afisa akuandikie pensheni yako ikiwa na mkupuo na ikiwa bila mkupuo, kisha gawanya mkupuo kwa kiasi kinachopungua kila mwezi. Kama unapewa 150 taslimu kwa kuachia 1 ya kila mwezi, umeuza miezi 150, yaani miaka 12 na nusu. Mwenye deni linalomla kwa riba kubwa ana sababu nzuri ya kuchukua. Mwenye afya njema na wazazi walioishi miaka mingi afikiri mara mbili. Uliza pia kama pensheni hupandishwa bei za vitu zinapopanda, kwa kuwa mfumuko wa asilimia 5 kwa mwaka hupunguza nguvu ya pesa kwa nusu ndani ya miaka 14 hivi.

Jina la benki lifanane na la mfuko. Orodha ya wategemezi uihuishe, hasa kama uliijaza kabla ya kuoa, kuolewa au kuachana. Nywila ya akaunti yako usimpe mtu anayejitolea kukusukumia jalada kwa malipo.

Baada ya malipo ya kwanza, uliza tarehe ya kuhakikiwa kwamba uko hai na uiandike kwenye kalenda ya nyumbani. Mtu asipojitokeza kuhakikiwa, malipo husimamishwa, na kuyarudisha ni ombi jingine lenye fomu yake.