Kupima gundi ya meno Dar bila unyevu kukuvurugia namba

Mtu akikwambia gundi fulani ya kushikisha kijazio cha jino inashika megapaskali 30 (nguvu kwa eneo) kwenye dentini, yaani tabaka la jino lililo chini ya enameli, muulize kwanza jino lilikuwa limelowa kiasi gani wakati anapaka. Akianza kung'ata maneno ujue hiyo namba haina maana sana. Sasa kwa wanaofanya risechi za meno hapa Dar, iwe Muhimbili au kwingine, unyevu ndo kitu cha kwanza kukishika maana hewa yetu yenyewe imeshalowa, mwezi wa nne masika yamekolea hata chumvi mezani inaganda.

Anza na meno yenyewe. Jino likishang'olewa lisikauke hata kidogo, liweke kwenye kloramini-T (dawa ya kuua vijidudu) ya asilimia 0.5, isizidi wiki, halafu hamishia maji yaliyotokana na mvuke uliopozwa (distildi) kwenye friji nyuzi 4 na uwe unabadilisha maji. Usilikaushe ukalilowesha tena ukadhani limerudi kama lilivyokuwa. Ukifika kusugua, tumia msasa namba 600 huku maji yanatiririka, kila jino sekunde zile zile.

Halafu inakuja sehemu yenyewe, na hapa usiwe na haraka. Ukipaka asidi ya fosforiki ya asilimia 37 kwenye dentini kwa sekunde 15 ukaosha, madini ya juu yanaondoka zinabaki nyuzi za protini ya kolajeni zinaelea kwenye maji, na gundi inatakiwa ipenye katikati ya nyuzi hizo. Ukizipuliza hewa zikakauka zinalala na kushikana kama tambi zilizosahaulika kwenye sufuria bila mchuzi, gundi haipenyi, namba inashuka. Ukiacha maji mengi nayo inakuwa balaa, maji yanaizimua gundi, resini (ile plastiki ya gundi) inajitenga na vinabaki vitundu humo ndani. Kwa hiyo usipulize, bonyeza taratibu kwa pamba yenye unyevu kidogo au tishu isiyoacha nyuzi, kisha inamisha jino kwenye taa: uso wote uwe unang'aa lakini kusiwe na kidimbwi hata pembeni. Ukiona sehemu imefifia nyeupe ya chaki, hapo umeshakausha.

Gundi zenye asetoni ndo zenye kudeka zaidi hapa, zenye maji ndani yake zinakuvumilia kidogo kwa sababu zinaweza kuzinyanyua tena nyuzi zilizolala. Zile ambazo hazihitaji kuosha asidi zina maji yake tayari kwenye chupa, asidi yake haifanyi kazi bila maji, ila ukiongeza ya kwako juu unazizimua tu.

Chupa ya gundi nayo ina mambo. Ukiitoa kwenye friji ukaifungua hapo hapo kwenye chumba chenye joto la Dar, mvuke wa hewani unageuka maji mdomoni mwa chupa na unaingia ndani, iache kwanza ifikie joto la chumba ikiwa imefungwa. Ukishadondosha tone paka palepale, asetoni haisubiri upige stori. Na kompresa ijaribu kwa kupuliza kioo cha mdomoni sekunde chache, ukiona vitone au mafuta tafuta filta kabla hujagusa sampuli, maana ukishapaka gundi ndo hewa hiyo hiyo utakayokaushia kiyeyusho chake (asetoni au maji) mpaka gundi iache kutembea, kabla ya kupiga taa ya kuigandisha.

Ukimaliza kujenga kompoziti (kijazio cha rangi ya jino) juu ya gundi weka sampuli kwenye maji nyuzi 37 kwa saa 24. Ukiwa unakata vijiti vya milimita 1 kwa 1 vya kuvutwa na mashine usiviache mezani na AC inavuma, dentini ikikauka inakuwa ngumu na ya kukatika hovyo, vifunike kwa tishu yenye maji na ukivigundisha kwenye mashine kwa supaglu kausha ncha tu, katikati pabaki na unyevu. Kwa kupima kwa kusukuma pembeni hesabu ni rahisi, nguvu gawanya kwa eneo: kompoziti ya kipenyo cha milimita 3 ina milimita 7.07 za mraba, ikiachia kwa niutoni 150 hiyo ni kama megapaskali 21.

Kosa ninaloliona sana ni mtu kumaliza kundi A lote asubuhi mvua inanyesha madirisha wazi, kundi B mchana na AC imewashwa, halafu anasema gundi B ni kali! Changanya makundi kila siku, weka kipima unyevunyevu mezani na uandike joto na asilimia ya unyevu kila unapopaka. Vijiti vilivyoachia kabla hata ya kufika kwenye mashine usivitupe kimya kimya, vihesabu na uviandike kwenye ripoti.